Ahimsa Porini: Namna ya Kujifunza Fundisho la Yoga la Kutodhuru kwa Kuwatazama Wanyama

Mtu akikuambia kwamba wanyamapori wanafundisha ahimsa, hatakawia kukutolea mfano wa Kamunyak. Huyu alikuwa simba jike kijana wa Samburu, kaskazini mwa Kenya. Mapema mwaka 2002 alionekana akitembea na ndama wa choroa, akimlinda na kulala naye ubavu kwa ubavu. Akapewa jina hilo, ambalo kwa Kisamburu ni aliyebarikiwa, na magari ya watalii yakafurika. Wasimulizi hupenda kuishia hapo. Wachache huongeza kwamba baada ya wiki mbili hivi simba dume alimkamata ndama yule na kumla wakati mlezi wake amesinzia. Baadaye Kamunyak alichukua ndama wengine, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyekua naye. Simba hawezi kumlea choroa, hata akitaka.

Visa vya aina hii vipo vingine. Mwaka 2017, Ndutu, upande wa Ngorongoro, simba jike mwenye watoto wake alipigwa picha akimnyonyesha mtoto wa chui. Mombasa yupo kiboko yatima wa mwaka 2004 aliyeganda kwa kobe mzee, ingawa wale walikuwa ndani ya ua, wanatunzwa na watu. Navipenda visa hivi kama unavyovipenda wewe. Ila nimefundisha yoga ya asubuhi uani kwangu Arusha kwa miaka kadhaa, na nimeona kwamba wanafunzi wanaoanza na Kamunyak humaliza na picha nzuri kwenye simu, basi.

Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Badala ya kumtafuta mnyama mtakatifu, utamtumia mnyama wa kawaida kama mizani, na anayepandishwa kwenye mizani ni wewe. Unahitaji daftari, kalamu, saa, darubini ukiipata, na kama wiki sita. Wiki mbili za kwanza hazihitaji kutoka nyumbani.

Hatua ya 1: Lijue neno kabla ya kulitafuta

Ahimsa ni neno la Kisanskriti. Himsa ni kudhuru, na "a" ya mwanzo inakanusha. Katika Yoga Sutra ya Patanjali, kauli fupi fupi zilizokusanywa India zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, ahimsa ndiyo ya kwanza katika miiko mitano iitwayo yama. Inatangulia kusema kweli, kutoiba, kujizuia na kutolimbikiza. Mikao, ambayo leo wengi wetu ndiyo tunayoiita yoga, inakuja baada ya hayo yote.

Kauli mbili za sura ya pili ndizo utakazozitumia. Ya 34 inasema kudhuru kuko kwa namna tatu: kuna uliyotenda, uliyotendesha na uliyoridhia. Chanzo chake ni tamaa, hasira au kutojua, na kiasi chake kinaweza kuwa kidogo, cha kati au kikubwa. Kiswahili kinaipokea kauli hii bila taabu, maana kutenda na kutendesha kwetu ni mzizi mmoja. Andika maneno hayo matatu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa herufi kubwa. La pili litakutesa kuliko mengine.

Ya 35 inasema mtu akishasimama imara katika kutodhuru, uadui huachwa mbele yake. Wafafanuzi wa kale walieleza kwamba mbele ya mtu wa namna hiyo hata paka na panya, hata nyoka na nguchiro, huweka chini uhasama wao. Mimi nguchiro wa hivyo sijamwona. Lakini nusu ya kwanza ya wazo hilo, kwamba mnyama anamsoma mtu aliye mbele yake, imepimwa, tena hapa kwetu.

Amboseli, chini ya Kilimanjaro upande wa Kenya, tembo wamefuatiliwa familia kwa familia tangu mwaka 1972. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio moja la kupendeza. Waliwapigia tembo sauti zilizorekodiwa za watu wakisema maneno yaleyale: tazama, tazama kule, kundi la tembo linakuja. Wengine waliyasema kwa Kimaasai, wengine kwa Kikamba. Tembo waliposikia wanaume wa Kimaasai, ambao wakati mwingine hugombana nao kwa mikuki kwenye maji na malisho, walijikusanya, wakanusa hewa, wakarudi nyuma. Sauti za wanaume wa Kikamba hazikuwashtua kiasi hicho, wala za wanawake na watoto wa Kimaasai. Maneno hayakubadilika. Kilichobadilika ni nani anayasema, na huyo ana historia gani na tembo.

Kwa hiyo mnyama anapokutazama anapiga hesabu. Kazi yako katika wiki hizi ni kuisoma hesabu hiyo usoni kwake.

(Kwa anayesita kwa sababu ya dini: hakuna mahali katika mwongozo huu utakapotakiwa kuimba au kuabudu chochote. Nina wanafunzi wanaoswali alfajiri kwanza ndipo waje mkekani, na wengine hutoka hapa wakaenda misa.)

Hatua ya 2: Anza na hua wa uani

Chagua mnyama mmoja anayeishi karibu nawe bila kufugwa. Hua, shomoro, mjusi kafiri ukutani, kunguru. Mimi napendekeza hua kwa sababu anatembea chini na hana papara. Anayeishi pwani anaweza kumtumia kunguru, yule wa Kihindi aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 akaenea pwani yote. Kunguru ni mwalimu mkali. Ukiinama tu kama unaokota jiwe, yuko juu ya paa. Watoto wa mtaa wameshamfundisha maana ya kuinama.

Zoezi ni hili. Hua akiwa anadonoa, msogelee taratibu, hatua moja, tulia, hatua nyingine. Macho yako yawe kwenye kichwa chake. Kutafika hatua ataacha kudonoa na kuinua kichwa. Simama hapohapo. Huo ndio mpaka. Usingoje aanze kutembea au kuruka, maana akiruka umeshachelewa, umemgharimu chakula na nguvu. Rudi nyuma hatua mbili, kaa, uone anachukua muda gani kuanza kudonoa tena. Kisha andika: hatua ngapi zilibaki kati yenu, dakika ngapi hadi arudie kula, ulikuwa umevaa nini, ulitembea vipi, na moyoni ulikuwa na nini.

Fanya hivyo mara moja kwa siku kwa siku 14. Wanafunzi wangu wengi hudhani watakuwa wanajitahidi kumkaribia ndege zaidi kila siku. Hapana. Ukijiona unafurahia kwamba leo umefika hatua tatu badala ya tano, andika neno "tamaa" pembeni, kauli ya 34 imekukamata. Lengo ni kuuona mpaka mapema na kuuheshimu. Hua akikuzoea asikimbie kabisa, si jambo la kujivunia pia: paka wa jirani hajasoma Patanjali.

Utagundua mambo mengine bila kuambiwa. Ukimwendea moja kwa moja anainua kichwa mapema kuliko ukipita kwa upande. Ukimkazia macho ni vivyo hivyo. Siku niliyotoka kugombana na fundi bomba kwenye simu, hua wangu wa miezi mingi aliruka nikiwa mlangoni. Huenda ni mlango niliubamiza. Niliandika yote mawili.

Hatua ya 3: Jifunze kukaa

Wiki ya tatu acha kusogea. Kaa mahali pamoja, miguu umeikunja au kwenye kigoda, mgongo wima, dakika 20. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita. Macho wazi. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu, mabega hushuka yenyewe, na mwili unaacha kutoa ile miguso midogo ya kujikuna, kujirekebisha, kutazama saa, ambayo ndege huiona kabla yako.

Dakika za mwanzo utasikia kimya, au milio mikali ya kuonya. Baadaye milio ya kawaida inarudi. Andika dakika iliporudi. Hii ni namba yenye maana kuliko mkao wowote utakaoweza kuufanya mkekani.

Angalizo: zoezi hili ni la uani, bustanini au kwenye baraza. Usiende kukaa hivi peke yako kichakani kwenye nyati au kando ya mto wenye mamba na viboko.

Hatua ya 4: Soma lugha ya onyo

Hapa ndipo porini panapokuwa tajiri kuliko vitabu. Wengi wetu tumefundishwa kwamba wanyama wakikutana ni kuuana. Kaa nusu siku mbele ya kundi lolote utaona kitu kingine: muda mwingi na akili nyingi hutumika kuepuka pigano. Karibu kila mnyama mwenye silaha ya kuua ana ishara kumi za kusema "usinifikishe huko."

Mwangalie nyani dume. Anapiga miayo mikubwa hadi meno ya chonge, marefu kama ya chui, yakaonekana yote. Hana usingizi. Akizidisha, huinua nyusi hadi kope zake nyeupe ziwake ghafla usoni. Anaweza kupiga ardhi kwa kiganja. Mwenzake akigeuka na kumwonyesha makalio, neno limekwisha, kila mtu anaendelea na mbegu zake. Waswahili wanasema nyani haoni kundule, lakini nyani mwenzake analiona na analielewa vizuri sana.

Tembo akikutisha huwa mrefu ghafla: kichwa juu, masikio yametandazwa, anakutazama kupitia pembe zake. Kabla ya hapo, ukiwa makini, ulishaonywa kwa upole zaidi. Alikuwa akibembeza mguu mmoja wa mbele kama asiyejua aende au abaki, au akizungusha ncha ya mkonga. Hizo ni ishara za mashaka. Dereva mzuri huwasha gari na kurudi nyuma wakati wa mguu, hangoji masikio.

Kiboko hufunua kinywa. Twiga madume husimama bega kwa bega wakasukumana, kisha wakapigana kwa shingo, na mara nyingi anayezidiwa huondoka akitembea tu. Anayeshinda huwa hana haja ya kumfuata mbali. Swala pala dume hupiga kelele ya kukoroma ambayo mgeni huidhania ya chui, anawazungusha wapinzani kwa mbio na sauti zaidi kuliko kwa pembe.

Nyati nimewaweka mwisho kwa sababu wana sifa mbaya na jambo zuri. Huko Ziwa Manyara, mtafiti mmoja wa Kiholanzi, Herbert Prins, aliona kwamba jioni, kabla kundi halijahama kwenda malishoni, majike wazima husimama mmoja mmoja, hutazama upande fulani kwa muda, kisha hulala tena. Alipopima alikuta kundi baadaye huelekea wastani wa pande zilizotazamwa. Ni kama kura. Mamia ya wanyama wenye pembe za kuua simba, na mjadala wa wapi pa kulisha unamalizwa kwa kusimama na kulala.

Katika daftari, kwa kila mgongano utakaouona, jibu maswali manne. Nani alionya, kwa ishara gani? Nani alipunguza, na alipunguza vipi? Aliyeshinda aliacha wakati gani? Baada ya dakika kumi walikuwa umbali gani kati yao? Swali la mwisho usilipuuze. Tangu mwisho wa miaka ya 1970 watafiti wa sokwe, Frans de Waal akiwa miongoni mwa wa kwanza, wameonyesha kwamba wapinzani mara nyingi hutafutana baada ya ugomvi, wakagusana, wakachambuana manyoya. Bonobo, ndugu wa karibu wa sokwe wanaoishi kusini mwa Mto Kongo pekee, wanajulikana kwa kuumaliza ugomvi kwa kukumbatiana na kujamiiana kabla haujachacha, na majike wao wakishikana pamoja dume mkorofi hana nafasi.

Kisha ugeukie upande wako. Chukua ugomvi mmoja wa nyumbani au kazini wa wiki hiyo uandike majibu ya maswali yaleyale manne. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza niligundua kwamba sina ishara kati ya kunyamaza na kufoka. Nyani ananizidi kwa hatua nne hivi.

Hatua ya 5: Tazama kundi, na usilishe

Kisa ninachokirudia kila mwaka darasani ni cha nyani wa Masai Mara. Robert Sapolsky, Mmarekani aliyeanza kuwafuatilia mwaka 1978, alikuwa na kundi aliloliita la msituni. Jirani yao palikuwa na hoteli ya watalii yenye shimo la takataka. Madume wakali zaidi wa kundi hilo walikuwa wakienda kila asubuhi kupigana na nyani wa huko ili wapate mabaki. Katikati ya miaka ya 1980 nyama yenye kifua kikuu cha ng'ombe ilitupwa shimoni. Waliokula wakafa, na karibu nusu ya madume wa kundi la msituni wakapotea: walewale wagomvi.

Waliobaki walikuwa majike wengi na madume wapole, na kundi likatulia. Wakubwa waliacha kuwaonea wadogo hovyo, watu walikaa karibu karibu (nasema watu, mtanisamehe), wakachambuana zaidi. Hilo halishangazi sana. Linaloshangaza ni kwamba nyani dume huhama kundi alilozaliwa akibalehe, kwa hiyo baada ya miaka kadhaa madume wote waliosalimika walikuwa wameshaondoka au kufa, na wageni kutoka makundi ya kawaida ndio waliojaa. Utulivu ulibaki. Sapolsky na Lisa Share walichapisha taarifa hiyo mwaka 2004. Wageni walikuwa wanapokelewa vizuri na majike mapema kuliko kwingineko, nao wakaiga desturi waliyoikuta.

Anayetaka kufundisha ahimsa nyumbani au shuleni atapata humo somo la miezi. Mimi hapa nataka uone jambo dogo zaidi, lile shimo. Hakuna aliyekusudia kumdhuru nyani. Mtu alitupa nyama, mwingine hakuweka uzio, na mgeni aliyeagiza nyama hiyo alisharudi kwao Ulaya. Kutenda, kutendesha, kuridhia.

Kwa hiyo sheria ya hatua hii haina msamaha: usimlishe mnyamapori. Hata ndizi, hata kwa tumbili wa Diani anayekunyooshea mkono kama mwombaji wa feri. Mnyama aliyezoea mkono wa mtu akikosa hunyang'anya, akinyang'anya huitwa msumbufu, na msumbufu huishia kupigwa mawe au risasi. Aliyempa ndizi ya kwanza hayupo siku hiyo.

Hatua ya 6: Nenda hifadhini, na zungumza na dereva kabla ya geti

Sasa nina la kukiri. Miaka ya nyuma, nikiwa na wageni wangu, tulimpata duma amejibanza kwenye nyasi akiwatolea macho swala. Magari mengine yalikuwa mbali. Nikamnong'oneza dereva kwamba akitusogeza kidogo nitamwongeza kitu. Alisita, akasogea. Duma akainuka, swala wakamwona, wakatimua. Dereva hakunilaumu, alisema tu, "Dada, akishasimama hivyo tumeshamharibia siku." Mimi niliyekuwa nimefundisha kauli ya 34 asubuhi yake, kambini, tumekaa kwenye mikeka.

Duma huwinda mchana, wakati uleule ambao sisi tuko njiani, na hawezi kugombea mzoga na simba wala fisi. Kelele za magari zinamgharimu kuliko tunavyodhani. Utafiti wa Femke Broekhuis uliotoka mwaka 2018 ulilinganisha duma majike wa Masai Mara na maeneo jirani. Penye watalii wengi, jike alifanikiwa kukuza wastani wa watoto 0.2 kwa uzao. Penye wachache, 2.3.

Kwa hiyo fanya mazungumzo haya kabla ya kuingia getini, kwa sauti ya kawaida na heshima: "Kaka, leo hatuna haraka. Hatuhitaji kuwa karibu. Ukiona mnyama amebadilika, turudi nyuma bila kutuuliza. Ahsante yako haitapungua hata tusipoona simba." Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi. Dereva wengi wanajua tabia za wanyama kuliko sisi, na wanavunja wanachokijua kwa sababu wanaogopa mgeni atanuna na bahashishi itakuwa nyembamba. Mwondolee hofu hiyo, utaona mwalimu aliyekuwa amejificha nyuma ya usukani.

Mengine ni mafupi. Gari libaki barabarani. Zima injini mnaposimama. Simu isilie. Usipige mluzi wala kugonga mlango ili simba aangalie kamera. Mkiwa magari mengi kwa mnyama mmoja, ondokeni ninyi kwanza, mtapata kingine. Ukienda Mahale kutazama sokwe, vaa barakoa unayopewa na toka saa yako moja ikiisha. Mwaka 2006 ugonjwa unaofanana na mafua uliua sokwe kule, na mwili wao hupokea maradhi yetu kirahisi mno. Chafya yako ni silaha, hata kama umekuja na moyo mweupe.

Kisha rudia zoezi la hua, mara hii kupitia dirisha la gari: twiga aliacha kutafuna tulipokuwa umbali gani, akarudia kutafuna baada ya dakika ngapi?

Hatua ya 7: Usifumbe macho wakati wa kuuawa

Wapo wanaofunga darubini simba anapomwangusha nyumbu. Ninawaelewa. Lakini ukichagua kuona upole tu umeshaivunja yama ya pili, ile ya kusema kweli.

Andika unachokiona. Simba hulala au kupumzika saa 16 hadi 20 kwa siku. Swala wanaomwona amelala na tumbo limejaa huendelea kula huku wakimchunga kwa jicho. Anapowinda, masikio na uso wake havifanani na vile anapopigana na simba mwenzake: hakuna kunguruma wala kuonyesha meno. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, na ule upole hauna hasira ndani yake. Simwiti simba mfuasi wa ahimsa kwa sababu hiyo. Ahimsa ni nadhiri, na nadhiri huwekwa na anayeweza kuchagua chakula kingine. Pale Delhi, karibu na Ngome Nyekundu, Wajaini, wafuasi wa dini ya Kihindi inayoitanguliza ahimsa, wana hospitali ya ndege ambayo inalaza ndege wanaokula nafaka. Mwewe na tai hutibiwa pia, ila kama wagonjwa wa nje, hawalazwi na wengine. Nimeupenda sana uamuzi huo. Hawakumnyima mwewe dawa, na hawakujidanganya kuhusu mwewe ni nani.

Kuna ukatili pia ambao hauna uhusiano na njaa, na lazima uingie daftarini. Simba dume akitwaa kundi huua watoto wa mtangulizi wake. Gombe, kati ya mwaka 1974 na 1978, sokwe wa kundi la Kasakela waliwavizia na kuwaua mmoja mmoja madume wa kundi la Kahama, ambao miaka michache nyuma walikuwa wakikaa na kula nao. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyekuwa amefika huko mwaka 1960, alikiri kwamba jambo hilo lilimsumbua kwa miaka. Ukisoma habari za Kahama na za bonobo katika wiki moja utaacha kuuliza kama maumbile ni mema au mabaya.

Ukiona kifo, usipige picha kwanza. Pumua mizunguko kumi, nne kwa sita, halafu andika ulichohisi: huzuni, msisimko, njaa. Ndiyo, njaa, wapo walioniandikia hivyo, na walikuwa wakweli.

Hatua ya 8: Rudi mkekani

Mikao mingi ya yoga imebeba majina ya wanyama: swila, ngamia, kobe, nzige, njiwa, samaki, simba, mbwa anayejinyoosha. Kabla ya safari hii pengine uliifanya kama sarakasi. Sasa fanya mitatu tu, polepole.

Swila, bhujangasana: lala kifudifudi, inua kifua kwa nguvu za mgongo, mikono isisukume. Swila halisi akiinua kichwa na kutanua shingo anaonya, na anabaki chini kadiri anavyoweza. Kiuno kikibana, hicho ni kichwa cha hua kilichoinuka. Shuka.

Simba, simhasana: piga magoti, fumbua kinywa, toa ulimi, toa pumzi kwa sauti. Huu ni muayo wa nyani, ishara ile niliyokuwa sina, kati ya kunyamaza na kufoka. Wanafunzi huona aibu wiki ya kwanza, baadaye wanaudai.

Kobe, kurmasana, ni mgumu kwa wenye nyonga kavu kama zangu, kwa hiyo inama tu mbele umekaa, mikono imelegea, utosi unaangalia chini, dakika tatu. Goti au paja likianza kuuma kwa ukali, rudi nyuma hatua mbili, vilevile kama uani. Nimeona watu wasioweza kumkanyaga sisimizi wakijichana misuli ya paja kwa sababu jirani mkekani amegusa vidole.

Baada ya mkeka fungua ukurasa wa kwanza, wenye maneno matatu, ukumbuke jana ilikuwaje. Dakika tano zinatosha. Fanya kila siku hadi wiki ya sita, kisha rudi kwa hua wa kwanza upime upya.

Hii ni nakala ya ukurasa wangu wa mwisho kabla ya masika:

"Saa 12:40 asubuhi. Hua wawili chini ya mparachichi. Kanga ya kahawia, peku. Nilipita kwa upande. Mmoja aliinua kichwa nikiwa hatua sita. Nikarudi mbili, nikakaa. Alirudia kudonoa dakika ya pili. Paka wa jirani alikuwa ukutani tangu mwanzo, sikumwona, wao walimwona. Sikumfukuza. Nilikohoa, akaondoka."

Pembeni, kwa kalamu nyekundu, nimejiuliza kama kile kikohozi kilikuwa kutenda au kutendesha.